Mjomba, mi mnazi wa Auburn kabisa lakini hizi tishu za kurusha mtini zimenishinda

Shikamoo Mjomba,

Naomba jina langu lisitokee maana watu wa huku wote wanakusoma na nikijulikana tu nimekwisha. Niko Auburn, Alabama. Nilikuja mwezi wa nane 2010 kusoma, nikamaliza, nikapata kazi, nikaoa, sijaondoka mpaka leo. Na nilipofika tu nikaangukia kwenye futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira wa yai, nikawa mnazi wa timu ya chuo na sijapona. We fikiria mtu msimu wake wa kwanza kabisa anakutana na Cam Newton, kwotabeki wetu, yule anayeongoza mashambulizi yote ya timu. Tukaenda Tuscaloosa kucheza na timu ya Chuo Kikuu cha Alabama, hiyo dabi inaitwa Iron Bowl na huku kuna ndugu hawaongei kwa sababu yake, tukawa nyuma 24 kwa 0, wenzangu bwenini wakaanza kuzima tivii, alafu tukarudi tukashinda 28 kwa 27. Januari 2011 tukawapiga Oregon 22 kwa 19 tukachukua ubingwa wa taifa. Mi nikajua haya ndo maisha ya kila mwaka. Haya bwana.

Sasa huku kuna kona inaitwa Toomer's Corner, pale barabara ya Magnolia inapokatana na College, upande mmoja kuna duka la dawa la zamani ambalo siku hizi watu wanalifuata kwa ajili ya juisi ya limau, ng'ambo yake ni geti la chuo na mialoni miwili. Tukishinda, mji mzima unahamia pale na tishu za chooni, watu wanazirusha juu ya miti mpaka mti unakuwa kama umevishwa shela. Ndiyo Mjomba, tishu za chooni, zile zile.

Na usidhani sipendi. Usiku ule wa 2010 mtu nisiyemjua alinipa roli mkononi akanielekeza, unafungua kwanza kipande cha urefu wa mkono, unashika roli kwa chini, unarusha kwa bega lote ili ule mkia ubaki nyuma unapepea kama kishada. Ya kwanza ikanirudia kichwani. Ya pili ikapanda ikavuka tawi ikashuka upande wa pili, mtoto wa watu akaidaka akairusha tena. Nilikuwa na miezi mitatu Marekani, sina hata rafiki mmoja wa kumpigia simu, na usiku ule nadhani nilikumbatiwa na watu arobaini.

Tatizo langu ni kwamba sa hivi mimi ndo mweka hazina wa grupu letu la Waswahili hapa. Tuko familia 14, kila familia inatoa dola 15 msimu ukianza, ya nyama na vinywaji vya kabla ya mechi, na ya tishu. Msimu uliopita tulipata dola 210, na dola 112 zikaenda kwenye tishu! Mabunda 8 ya roli 24, piga hesabu mwenyewe, roli 192. Mimi ndo nayenunua, mimi ndo naendesha gari limejaa tishu mpaka kioo cha nyuma sioni kitu, na mabunda matatu mpaka leo yako gereji kwangu. Na mwaka huu wanataka tufike mabunda 10 kwa sababu kuna grupu lingine walionekana wana mengi kuliko sisi.

Kilichonivunja ni asubuhi moja. Tulishinda Jumamosi, usiku mvua ikanyesha, na mimi nilikuwa nimetoka shifti ya usiku nikapita pale kwa mguu kama saa kumi na mbili na nusu. Ile karatasi yote imelowa imeshuka chini imekuwa kama uji, inanata kwenye viatu, na kuna baba mmoja wa usafi amechuchumaa kwenye bustani anaichomoa katikati ya maua kwa vidole, kipande kimoja kimoja. Alafu chini ya benchi nikaona bunda zima halijafunguliwa, maji yameingia limevimba kama andazi. Nikaligeuza. Lina jina la grupu letu, kwa maka pen, mwandiko wangu. Nikamwambia yule baba pole sana kwa kazi, akanyanyua kichwa akanijibu “War Eagle!”, ile salamu yetu mashabiki wa Auburn, akatabasamu akaendelea kuokota. Sikujua niseme nini nikaondoka na bunda langu kwapani linatiririka maji.

Nikakumbuka Machi 2020, ile korona imeanza, tishu hazipo dukani, rafu zote nyeupe, tumezunguka maduka manne na mke wangu tukarudi mikono mitupu. Jirani yetu, mama mmoja mzee ambaye ni shabiki wa Alabama na bendera anaitundika mlangoni, akaniita kwenye uzio akaniazima roli mbili. Akaniambia, hizi si za mtini, sawa? Tulicheka sana siku ile.

Basi Mjomba nikaandika kwenye grupu, “Wakuu hivi mwaka huu tukinunua mabunda mawili tu itakuwaje?” Niliandika Jumamosi usiku, tulikuwa tumetoka kufungwa. Mjomba, nilichokipata! Mmoja akanitumia stika ya tembo, yule tembo wa Alabama. Mwingine akaandika yule wa sumu naye alianza hivihivi (we unajua habari ya sumu? shabiki wa Alabama aliitia sumu ile mialoni ikafa). Mwingine akasema kama nabana matumizi nikabane nyumbani kwangu. Nikaitwa mamluki, mimi, wa tangu 2010! Nikamlilia mke wangu naye akasema we nawe, furaha ya watu unaihesabia roli.

Iron Bowl inakuja. Nimefikiria ninunue mabunda manne tu alafu niwaambie dukani yameisha, hela inayobaki nitaweka kwenye nyama, nani atajua. Au niache uweka hazina niwe nakaa kimya. Au labda kweli mi si mnazi tena? Nisaidie.

Mweka hazina wa tishu, Auburn

*

Marahaba mpwa wangu, hujambo.

Nianze kwa kukiri kwamba huo mpira wenu wa yai mimi siuelewi vizuri, kila nikikaa kuutazama refa anatupa kitambaa cha njano chini watu wanasimama dakika tatu wanajadiliana kama kikao cha harusi. Ila unazi naujua, na barua yako nimeisoma mara mbili, na nimekaa nikasoma na hiyo habari ya kona yenu mpaka mke wangu akaniuliza kama nahamia Alabama.

Nianze na lile la kununua manne ukasema dukani yameisha. Hapana. Hapana kabisa. Yaani mpwa hapo umeshika hoja nzuri unataka kuizika kwa mkono wako, maana siku mtu mmoja tu akipita dukani akakuta tishu zimejaa rafu nzima mazungumzo hayatakuwa ya tishu tena, yatakuwa ya hela. Na hela ya watu ikishaanza kusemwa haiishi kusemwa, hata ungeiweka yote kwenye nyama na wakaila wao wenyewe na mifupa wakatafuna. Mweka hazina anaweza kuwa mbishi, anaweza kuwa bahili, akiwa muongo hata mara moja ameondoka na kila neno alilowahi kusema.

La pili nikugombeze kidogo. Uliandika Jumamosi usiku mmetoka kufungwa? Mpwa wangu! Watu wana machungu, hawajala, wanatafuta wa kumlaumu, wewe unajipeleka mwenyewe mlangoni na hoja ya kupunguza sherehe. Hata mimi ningekutumia tembo. Hiyo stika usiichukulie kama hukumu, ungeandika kitu kilekile Jumanne mchana nadhani ungepata nusu ya waliokutukana wanakuuliza bei.

Sasa kuhusu unazi wako. Kwenye grupu lenu wanaongea kama vile hiyo mila ilishuka na mvua, haijawahi kuguswa. Nimeisoma, imeguswa kila mahali. Inasimuliwa kwamba mwanzo haikuwa tishu hata kidogo, ilikuwa utepe wa karatasi wa mashine ya telegrafu, timu ikicheza ugenini matokeo yanaingia pale dukani kwa waya, wakishinda vijana wa duka wanatoka nje wanautupa ule utepe juu ya nyaya za barabarani. Ilikuwa karatasi ambayo ishatumika! Kazi yake imeisha, habari imefika, ndo inarushwa. Tishu zimekuja baadaye sana, miaka ya sabini, na wengi wanaitaja ile Iron Bowl ya 1972 mliyoshinda 17 kwa 16 kwa kuziba panti mbili (mipira ambayo wapinzani wanaipiga mbali kwa mguu) na zote mbili zikazaa tachidauni, ndo bao la mpira wenu. Kwa hiyo hao wanaokwambia unavunja mila ya mababu, mababu walirusha kitu kingine.

Alafu hiyo sumu waliyokutupia usoni. Nimeisoma nikaumia, we umeiishi. Mtu anaichukia timu pinzani mpaka anakwenda na dawa ya kuua magugu anaimwaga kwenye mizizi ya miti, alafu Januari 2011 anapiga simu redioni kujisifu. Chuo kikachimba udongo, kikaweka mkaa maalum wa kunyonya sumu, mialoni haikupona, Aprili 2013 ikakatwa. Na Novemba mwaka huohuo, miti hakuna, mnacheza na Alabama, sekunde moja imebaki, wanapiga kiki ndefu ya yadi 57 inapungua, Chris Davis anaidaka nyuma kabisa na kukimbia nayo uwanja mzima, 34 kwa 28. Watu walirusha wapi siku ile? We ulikuwepo. Walirusha kwenye nyaya zilizofungwa pale badala ya miti, na kwenye chochote kilichosimama. Furaha ilipungua? Sidhani. Ilipopandwa miti mipya 2015 chuo chenyewe kikawaomba mashabiki wasiirushie mpaka ishike mizizi. 2016 mtu akawasha moto karatasi iliyokuwa inaning'inia mtini baada ya mechi yenu na LSU, chuo cha Louisiana, 2017 ikabidi ipandwe mingine tena. Sasa niambie katika hao wote waliosema jamani subirini, jamani msirushe hapa rusheni pale, nani aliitwa mamluki? Wewe umeuliza kuhusu mabunda mawili au nane. Hujagusa mti.

Ila mpwa nisikupambe tu, kuna pahala umezidisha. Umeniandikia kama vile hizo roli ndo zinamaliza dunia. Siku ya mechi uwanja wenu unaingiza watu zaidi ya elfu themanini, wengine wameendesha magari masaa matano, wanachoma nyama tangu asubuhi, sahani za kutupa, vikombe vya kutupa, chupa, mahema, jenereta. Tishu ni kidogo sana katika hayo na mtu mwenye akili kwenye grupu atakwambia hivyohivyo na utakosa jibu. Na kuna kitu kingine ambacho mkeo amekiona na wewe umekiruka. Tiketi ya Iron Bowl si mchezo, wengi hawaiwezi, lakini pale kona anaingia mtu yeyote, mwenye tiketi na asiye nayo, profesa na mfua mashuka, mwanafunzi mgeni mwenye miezi mitatu nchini ambaye hana wa kumpigia simu. Hiyo roli moja uliyopewa 2010 na mtu usiyemjua haikuwa ubadhirifu hata chembe. Mi nakwambia ile ndo roli iliyotumika vizuri kuliko zote zilizowahi kutoka kiwandani, ukiondoa zile za korona.

Kwa hiyo ubadhirifu uko wapi? Uko kwenye lile andazi chini ya benchi. Bunda ambalo hakuna aliyelirusha, halijapaa, halijamfurahisha mtoto, lilinunuliwa ili muonekane mna mengi kuliko grupu la pili. Hapo ndo nipo na wewe mia kwa mia. Na kama umeniambia kweli kwamba matatu yako gereji na moja lililowa, basi katika mabunda manane, manne hayakurushwa kabisa! Nusu! Yaani ushahidi unao kwenye gereji yako mwenyewe ukaenda kwenye grupu na “hivi itakuwaje”.

Hiyo ndo hesabu ya kupeleka. Subiri mkutane kwa ajili ya chakula, ana kwa ana, watu wameshiba, usipeleke mazingira wala Machi 2020 wala yule baba wa usafi, hata kama ndo kilichokuuma (na nakuelewa kwa nini jibu lake lilikuumiza zaidi, angekutukana ungelala vizuri). Peleka daftari. Sema jamani tulichanga 210, 112 ilikuwa tishu, nusu yake hatukurusha, yaani dola 56 za nyama zimepotea, nyingi zimelala gereji kwangu. Mswahili ukimwambia karatasi atabisha, ukimwambia nyama iliyopotea anakaa vizuri kwenye kiti.

Alafu pendekeza mchango ubaki wa chakula tu, na tishu kila mtu aje na yake kutoka kwake. Basi. Hamna anayekatazwa, anayetaka kuja na bunda zima abebe bunda zima kwapani kutoka kwenye maegesho mpaka kona, tuone. Nina uhakika wengi watakuja na roli moja mfukoni mwa jaketi. Na wewe mwenyewe umenifundisha kwamba roli moja inarushwa, inashuka upande wa pili, mtu anaidaka anairusha tena, na tena, mpaka ibaki lile boksi la katikati. Familia 14 na roli mbilimbili ni roli 28, mtoto hatajua tofauti. Na hapo wewe huna tena kazi ya kununua kitu usichokiamini, maana naona hiyo ndo inakunyima usingizi, si tishu zenyewe. Wakikataa, wakasema lazima ziwe 10 na lazima ununue wewe, waambie kwa heshima daftari hili hapa, hela hii hapa, mi nabaki shabiki na mla nyama, tafuteni mweka hazina mwingine mwenye gari kubwa. Hilo si kukimbia. Kukaa kimya huku unanunua na kununa ndo kutakufanya uichukie timu kabla hujafika hamsini.

Asubuhi baada ya ushindi kama utakuwa umetoka shifti na una nguvu, inama na wewe uokote kidogo, dakika kumi, usipige picha. Usiwaambie grupu. Yule baba akisema War Eagle na wewe mjibu War Eagle, nadhani siku ile ndo kitu pekee alichokuwa anasubiri kutoka kwako.

Kuhusu kuwa si mnazi tena, ebu. Mtu ambaye anakumbuka 24 kwa 0 ya 2010 kama mwingine anavyokumbuka siku ya ndoa yake (na mkeo asisome hapa) hajaacha kitu.

Sasa hayo mabunda matatu ya gereji. Msimu huu usinunue hata roli moja mpaka yaishe, hiyo haihitaji kikao, ni roli 72, zinawatosha Iron Bowl na mechi nyingine. Lile lililolowa tupa. Na ukifungua la kwanza, kabla ya yote toa roli mbili pembeni. Tangu Machi 2020 hujaniambia kama yule mama wa bendera ya Alabama ulishamrudishia za kwake. Alikuazima, mpwa, hakukupa. Nenda kagonge.

Mjomba